Kusamaki au hiba chini ya mwembe, Tabora: upi utakubali?

Kichanga_Tbr
Wakuu, habari za leo. Nyumba ipo Tabora mjini, udongo wa kichanga. Ukuta wa nyuma uko kwenye kivuli cha mwembe mkubwa, jua linapiga kuanzia saa kumi jioni tu. Natafuta mti wa Kijapani wa jamii ya misonobari, usiopukutisha majani, niufanye uzio wa kijani wa mita 2. Nimeona hiba na kusamaki. Upi utafaa, na nipande vipi?

Bustani_Ngambo
Hiba achana nayo. Inapenda kivuli kweli, ila ni mti wa misitu ya baridi na unyevu. Ile inayosifika inatoka Aomori, kaskazini mwa Honshu, kisiwa kikuu cha Japani, kwenye theluji nyingi. Oktoba ya Tabora itaikausha kuanzia ncha.

Chukua kusamaki (Podocarpus macrophyllus). Asili yake ni kusini mwa Japani na China, joto inalimudu. Ni wa ukoo mmoja na podo, ule ambao maseremala wetu wanaujua kwa mbao zake. Unakua polepole, kwa hiyo hizo mita 2 zisubiri miaka kadhaa.

Kivuli si tatizo lako kubwa. Tatizo ni mizizi ya mwembe, itakunywa maji yote kabla ya mche. Kaa angalau mita 4 kutoka kwenye shina la mwembe. Shimo liwe na upana wa sm 60 na kina sm 45. Ukikuta mzizi mnene, sogeza shimo, usiukate. Changanya debe 1 la samadi iliyooza na madebe 3 ya udongo uliochimba. Nafasi kati ya miche sm 80 hadi mita 1. Shingo ya mche (pale shina linapokutana na mizizi) ibaki usawa wa ardhi, ukiifukia inaoza.

Panda Desemba, mvua zikishashika. Kuanzia Mei mwagia lita 10 kila mche mara mbili kwa wiki, kwa miaka miwili ya mwanzo. Na punguza matawi ya chini ya mwembe: kivuli kikizidi, kusamaki inarefuka na kuacha mapengo, uzio unakuwa kama chandarua kilichotoboka.

Ujiji_Kijani
Naongezea la mchwa. Samadi mbichi na nyasi kavu zilizogusa shina ni kuwakaribisha mezani. Matandazo yaache duara la sm 15 kuzunguka shina. Wengi hukimbilia kumwaga majivu. Kwa mti huu usizidishe, unapenda udongo wenye tindikali kidogo. Majivu yakiwa mengi, majani machanga yanageuka manjano kwa sababu mizizi inashindwa kuchukua madini ya chuma. Yakianza manjano yale ya zamani, hapo shaka ni upungufu wa magnesi, maana kwenye kichanga huoshwa haraka na mvua: tumia chumvi ya Epsom (ina magnesi), kijiko 1 cha chakula kwa lita 4 za maji, mwaga chini.

Walioko Kigoma kwenye mfinyanzi kosa lao ni kinyume chake, maji kutuama na mizizi kuoza. Inueni tuta sm 20, shimo la chini msilitegemee.

Kichanga_Tbr
Asanteni sana. Miche ni ghali, naweza kutumia vipandikizi?

Bustani_Ngambo
Ndiyo. Kata ncha za sm 10 hadi 15 zilizoanza kukomaa, zile laini za kijani kibichi zinaoza. Ondoa majani nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga safi wenye unyevu, funika na nailoni, weka kivulini. Mizizi huchukua miezi 2 hadi 4, usizing'oe kuchungulia.

Ujiji_Kijani
Ukiona masizi meusi juu ya majani na sisimizi wakipanda na kushuka, tazama machipukizi: ni vidukari. Wapige kwa maji ya nguvu, kisha sabuni ya maji kijiko 1 cha chai kwa lita 1, jioni. Masizi yenyewe yataondoka vidukari wakiisha.

Mti jike ukizaa, mbegu zake ni sumu, kwa hiyo kama kuna watoto wadogo chukua vipandikizi kutoka mti dume.