Vifurushi Kariakoo–Posta: baiskeli ya umeme, guta la umeme au pikipiki?

Mzee wa Vifurushi: Wakuu, habari zenu. Nina ofisi ndogo Kariakoo, napeleka mizigo ya wateja wa mtandaoni Posta, Kisutu na Upanga. Bodaboda za kukodi zinanimalizia faida. Mwezi huu nataka chombo changu: baiskeli ya umeme yenye sanduku mbele, guta la umeme au pikipiki ya petroli? Naombeni ushauri.

Fundi Ilala: Mkuu, hujasema unabeba kilo ngapi kwa mkupuo, wala utachaji wapi. Tutabahatisha tu.

Dada Kisutu: Na bajeti je?

Mwana Mkunguni: Chukua guta. Tairi, breki, fundi, vyote vipo kila kona.

Kipanga88: Guta Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi? Halipiti. Baiskeli inapenya, na ukikwama unashuka unasukuma.

Mama Vitenge: Guta nalijua. Niliuziwa la umeme na duka moja, nikahakikishiwa betri ni lithiamu. Fundi alipofungua akakuta betri nne za asidi za volti 12. Kutoka Jangwani kupanda Magomeni na marobota, kijana anashuka anasukuma. Betri za asidi ukizikausha chaji kila siku zinakufa mapema, na hilo hakuna aliyetuambia. Masika yakaingia, maji yakafika kwenye kontrola, kile kiboksi kinachoongoza umeme wa mota, likazima katikati ya Mtaa wa Msimbazi. Mzigo wa mteja ukalowa, nikalipa mimi. Duka likasema garantii haihusu maji. Kabla hujatoa hela, boksi la betri lifunguliwe mbele yako!

Fundi Ilala: Pole sana mama. Betri nne za aina hiyo, za ampia-saa 20, zinakaribia kilo 27 kabla hujapakia kitu. Lithiamu ya kiasi hicho haifiki nusu ya uzito huo, na kuijaza ni kama uniti moja ya LUKU, chini ya shilingi 400. Petroli haioni ndani.

Kipanga88: Weka na bei ya betri mpya kwenye hesabu hiyo, fundi.

Mwana Mkunguni: Pikipiki achana nayo. Mwaka 2014 bodaboda na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya jiji. Wakirudia je?

Dada Kisutu: Na guta lenye mota unadhani trafiki ataliita baiskeli? Atakuuliza leseni na bima.

Kipanga88: Ulaya mota ya wati 250, inayoacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa, ni baiskeli kisheria.

Dada Kisutu: Sasa Ulaya inamsaidia nini akisimamishwa Samora?

Mzee wa Vifurushi: Samahani wakuu. Mkupuo mmoja ni kama kilo 80. Nitachaji ofisini, ghorofa ya tatu, lifti hakuna.

Fundi Ilala: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo! Basi betri lazima iwe ya kuchomoa.

Mama Vitenge: Na usiku chombo kitalala wapi? Chini pale kuna mlinzi?

Mwana Mkunguni: Mlinzi wa jengo hahusiki na guta lako, wewe lifunge mnyororo. Mbona bado hujataja bajeti?