Milioni 22 za mafao ya marehemu: nimalizie pagala, ninunue Hiace, au niziweke mfuko?

MamaWawili (Morogoro)

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni ushauri, na mnivumilie kwa urefu.

Mume wangu alifariki mwaka jana mwezi wa pili. Mirathi tulifungua Mahakama ya Mwanzo, kikao cha ukoo kikanipendekeza mimi niwe msimamizi. Mafao yamelipwa, mgao umefanyika, baba mkwe amepata chake. Kilichobaki ni milioni 22. Milioni 14 ni fungu langu, 8 ni za wanangu wawili, mmoja darasa la sita, mwingine chekechea. Mimi ni fundi cherehani. Mwezi wa sare za shule au wa sikukuu napata hadi laki nne, mwezi mkavu hata laki na nusu haifiki. Kodi ya nyumba ni 120,000.

Sasa kila mtu ana wazo lake. Shemeji anasema tununue Hiace, ataisimamia yeye. Mama yangu anataka nimalizie pagala letu la Kihonda, limefika kwenye lenta. Dada wa benki kaniambia akaunti ya muda maalumu. Mteja wangu mmoja, mwalimu, ananieleza habari za mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT.

Miaka kumi na moja ya ndoa, hesabu zote alipiga yeye. Alikuwa na daftari la kaunta, kila mwisho wa mwezi anakaa mezani anaandika: LUKU, maji, ada, mchango wa harusi, deni la dukani. Juzi umeme umekata saa mbili usiku, nikajikuta sijui hata namba ya mita. Mwanangu mkubwa ndiye aliyeliendea lile daftari. Namba ilikuwa ndani ya jalada, baba yake aliiandika kwa peni nyekundu.

Nisaidieni kulinganisha. La kwanza kwangu, watoto wasirudishwe nyumbani kwa ada. La pili, nisije nikaamka siku moja hela haipo.

Kibubu

Pole sana dada. Kabla ya yote, kiasi hicho usimtajie mtu mwingine tena, hata wa damu.

Mimi nilifiwa 2019. Ndani ya miezi mitatu walikuja watu wanne wakisema marehemu anadaiwa. Wawili walikuwa na maandishi, nikawalipa. Wawili niliwaambia wapeleke madai yao kwenye faili la mirathi mahakamani. Sijawaona mpaka leo. Na kama mumeo aliacha mkopo wa benki, uliza habari ya bima ya mkopo kabla hujalipa hata shilingi. Mikopo mingi ya wafanyakazi hukatiwa bima, mkopaji akifariki bima ndiyo inalipa. Mimi nilishalipa miezi mitano ndipo nikaambiwa.

Mzee wa Dakawa

Mama yako ana hoja, msimpuuze. Kodi ya 120,000 kwa mwezi ni 1,440,000 kwa mwaka. Ukipaua, ukaweka milango, grili na choo kwa milioni 10, ukahamia, hela yako inakuzalia zaidi ya asilimia 14 kila mwaka, na hakuna anayeikata kodi. Benki gani itakupa hiyo? Tena mwenye nyumba hakupandishii kila Januari. Hamia bila plasta, wengi tulianza hivyo. Sakafia chumba kimoja, madirisha mengine ziba kwa bati, nyumba itaisha ukiwa ndani.

Karani Mstaafu

Hesabu ya Mzee nimeikubali, ila kuna swali linatangulia. Kiwanja kina jina la nani?

Nimefanya kazi masjala ya mahakama miaka mingi, na kesi hii nimeipokea mpaka nimeichoka. Mjane anapaua, anahamia, anapanda hata michungwa. Miaka mitatu baadaye ndugu wa mume wanakuja na karatasi ya mauziano yenye jina la marehemu peke yake, wanasema hii ni mali ya ukoo. Yeye anaonesha barua ya usimamizi wa mirathi akidhani ndiyo hati. Siyo. Msimamizi si mrithi. Barua ile inakupa kazi ya kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa, basi.

Kwenye Fomu Na. V uliyoorodhesha mali, kiwanja kimo? Kwenye Na. VI, kimegawiwa nani? Kama hakimo, hakijagawiwa. Rudi mahakamani kiorodheshwe, kigawiwe, warithi watie saini, kisha ndipo ubadilishe jina: ofisi ya ardhi kama kina hati, serikali ya mtaa kama ni cha mauziano. Kabla ya hapo usipeleke Kihonda hata bati moja.

Na kwa kuwa kuna shemeji kwenye hadithi hii, niseme na hili. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mjane ana uhuru wa kuishi anapotaka, na wa kuolewa tena na amtakaye au kubaki alivyo, mila ziseme zitakavyosema. Usikubali kikao chochote kikupangie.

MamaWawili

Kiwanja sikukiandika. Nilidhani ni mafao tu. Karatasi ya mauziano ina jina lake peke yake, na shahidi wa kwanza ni shemeji huyo huyo wa Hiace. Mikono inanitetemeka hapa.

Karani Mstaafu

Usitetemeke, hujachelewa. Nenda wiki hii na karatasi yenyewe, toa kopi mbili, halisi usimwachie mtu. Shemeji kuwa shahidi ni faida kwako, maana hawezi kukana kwamba kaka yake alinunua.

Mwalimu wa Dodoma

Mjane miaka saba. Nimepita njia tatu, mbili ulizotaja na moja hukuitaja, kwa hiyo naandika ya kwangu.

Muda maalumu nilianza nao kwa kuwa benki ilikuwa karibu. Nilipewa asilimia 9. Milioni 10 ikazaa laki tisa, kodi ya zuio asilimia 10 ikachukua elfu 90, ikabaki 810,000. Hiyo ni baada ya kusubiri mwaka mzima. Mwaka wa pili mwanangu alilazwa, nikavunja mkataba mwezi wa tano, faida karibu yote ikaenda. Uzuri wake ni kwamba unajua tangu siku ya kwanza utapata kiasi gani. Na riba ile inajadiliwa, dada, usikubali ya kwanza wanayokutajia. Mimi sikujua.

Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa miaka kadhaa nayo inakulipa riba, unaanza na milioni moja, kupitia benki au dalali wa soko la hisa. Riba inaingia mara mbili kwa mwaka, na kwa zile za muda mrefu haikatwi kodi. Kiwango unachoingia nacho ndicho utakachokuwa nacho hadi mwisho. Ya miaka 25 ilipotoka 2021 ilikuwa asilimia 15.95, mwaka uliofuata mpya zikashushwa hadi 12.56. Hata kwa hiyo 12.56, milioni 10 inakuletea 628,000 kila miezi sita. Yangu inaingia Januari na Julai, shule zinapofunguliwa, na niliichagua kwa sababu hiyo. Ila ukitaka mtaji wako mapema, lazima apatikane mtu wa kuinunua, na bei ya siku hiyo yaweza kuwa chini ya uliyotoa. Hela ya kumkimbiza mtoto hospitali usiifungie huko.

Mfuko wa Hatifungani wa UTT AMIS ndio nilioishia nao kwa matumizi ya nyumbani. Wanakusanya hela za watu wengi, wananunua hatifungani, wanagawa faida. Ukitaka gawio la kila mwezi uwe na milioni 10, la kila miezi sita milioni 5. Haina kiwango cha ahadi, inapanda na kushuka. Kwangu milioni 10 huleta kasoro kidogo ya laki moja kwa mwezi. Wana pia Mfuko wa Ukwasi, huo hautoi gawio, vipande, yaani sehemu zako za mfuko, vinapanda thamani, na ukiuza hela unaipata ndani ya siku chache za kazi. Na upo wa Watoto, unaandikwa kwa jina la mtoto mwenyewe.

Sasa tazama. Unalipa kodi 120,000. Milioni 10 kwenye mfuko inakulipia karibu kodi yote huku mtaji umekaa palepale, na wewe unahangaikia jina la kiwanja bila presha ya mtu. Siku karatasi ikitoka na jina lako, unauza vipande, unampigia fundi, unafanya hesabu ya Mzee wa Dakawa. Milioni 4 zilizobaki ziende Ukwasi, hizo ni za ugonjwa na mwezi mkavu wa cherehani. Za watoto usichanganye na zako hata kwa siku moja. Mkubwa wako mwakani yuko la saba, mwaka unaofuata anaanza sekondari, atazihitaji.

Suka Msamvu

Mimi ni dereva, na sizungumzi vibaya juu ya kazi inayonilisha. Hiace inalipa ikiwa mwenye gari yupo stendi saa kumi na moja alfajiri, anajua bei ya boshi, anajua sauti ya gia ikianza kuchoka. Hesabu ya siku italetwa vizuri mwezi wa kwanza na wa pili. Wa tatu utasikia matairi, wa nne faini, wa tano gari liko gereji na fundi anadai. Huwezi kukagua kitu usichokijua ukiwa kwenye cherehani. Muulize shemeji yeye anaweka shilingi ngapi. Akiweka nusu, mzungumze. Asipoweka kitu, umepata jibu.

BintiLikoni

Pole sana mamangu, Mungu akupe subira. Niko Mombasa, ya huku kwetu ni tofauti kidogo ila uchungu ni ule ule.

Nilipokuwa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, kaka yangu ndiye aliyezunguka na karatasi. Kwa Kadhi mambo yalikwenda sawa, thumni yangu, sehemu moja ya nane, nikapata, watoto wakapata zao. Kilichoniumiza ni Sacco. Marehemu alijiunga kabla hatujaoana, akaandika jina la mamake kuwa ndiye wa kupokea, na hakubadilisha tena. Pesa zote zikaenda kwa mamkwe. Mungu amrehemu, alinigawia nusu kwa hiari yake, lakini angeweza kukataa. Basi na wewe, kila fomu utakayojaza sasa, mahali pa mrithi usiache wazi. Watoto wako wamebaki na mzazi mmoja.

Na kama wewe ni Mwislamu na riba inakukera moyoni kama mimi, huko kwenu Amana Bank wako tangu 2011, wanafanya kwa misingi ya sharia. Waulize mgao wao wa faida ulikuwaje mwaka jana, wala usione haya kuuliza.

BabaWatatu

Niseme ya nyumbani, maana ya hela wamemaliza.

Mke wangu alinitoka miaka miwili iliyopita. Mshahara ulikuwa wangu lakini nyumba aliijua yeye. Sikujua mtungi wa gesi unakaa siku ngapi, sikujua kadi ya kliniki ya mdogo iko wapi, sikujua binti anasukwa Jumamosi gani na kwa nani. Wiki ya kwanza baada ya arobaini nilipika wali kwa kopo tatu na nusu, kama alivyokuwa akipima yeye. Hiyo nusu ilikuwa yake. Nilipika hivyo miezi, kila siku wali unabaki, na sikuwa na nguvu ya kupunguza.

Baadaye walikuja akina mama watatu wa kikoba chake na daftari lao. Wakanisomea hisa zake moja moja, wakanikabidhi hela yote pamoja na ya mfuko wa jamii wa kikoba. Sikujua hata kwamba ana hisa. Ndiyo maana nikisikia watu wanabeza vikoba nakasirika. Hela kubwa usiweke huko, lakini elfu tano ya kila wiki weka, kwa kuwa wale watakuja kubisha hodi ukiwa kimya siku tatu.

Kilichonisaidia ni bahasha. Tarehe ya mshahara natoa hela taslimu, nagawa kabatini: chakula, umeme na maji, shule, nauli, na moja ya michango. Ya michango ikiisha nasema imeisha, hata kama ni harusi ya bosi. Mjane au mgane anaona haya kukataa, hela inavujia hapo. Ukiwa na kipato cha kupanda na kushuka kama chako, mwezi wa laki nne jaza bahasha za miezi miwili.

MamaWawili

Nimerudi. Jumatatu nilikwenda mahakamani, kiwanja kimeingizwa, tumepangiwa tarehe ya warithi kufika. Baba mkwe amesema atakuja kutia saini, akaongeza kwamba kijana wake, marehemu, alimwambia ile ni nyumba ya watoto. Shemeji nilimuuliza swali la Suka. Alinyamaza, kisha akasema tutaongea. Hatujaongea.

Leo nimejaza fomu ya mfuko. Milioni 10 gawio la mwezi, 4 Ukwasi, za watoto kila mmoja 4 kwa jina lake. Mrithi nimewaandika wanangu, na dada yangu awashikie. Kwenye hali ya ndoa palikuwa na visanduku vinne vya kuweka alama. Nilishika peni muda mrefu, yule kijana wa dirishani akageuka akajifanya anatafuta muhuri.

BabaWatatu, bahasha nimeanza. Swali: umeme na maji unaweka pamoja? Maji yetu bili inakuja kwa mwezi, LUKU naipiga kidogo kidogo.

BabaWatatu

Tenganisha. LUKU nunua mara moja mwanzoni mwa mwezi, uone inakaa siku ngapi, tarehe uiandike kwenye lile daftari lake. Kurasa zimebaki?

MamaWawili

Zimebaki nyingi.