Naombeni ushauri: mteja anataka orodha ya maktaba zote zilizomo kwenye programu yangu

Kichwa_Moto: Wakuu, usingizi sina. Nimetengeneza programu ya kusimamia ghala, nauzia makampuni. Sasa nimepata mteja mkubwa kuliko wote, ila kabla ya kusaini mwanasheria wake kaniletea fomu: niorodheshe kila maktaba, yaani kila kipande cha programu huria kilichoandikwa na wengine kilichomo, na leseni yake. Ni lazima kujaza vyote? Vingine ni vidogo tu.

Bundi: Ngoja waje wataalamu. Nimekaa paleee.

Mzee wa Hesabu: Vijana mnakimbilia kuuza kabla ya kujua sheria. Mimi nilianza na kodi. Lipa kodi ulale.

Bundi: Mzee, kodi inayosemwa hapa ni ile ya kompyuta 😂

Fundi Nyaya: Jaza vyote. Leseni za MIT na BSD hazina shida, uza utakavyo, mradi tamko la hakimiliki na maandishi ya leseni yabaki kwenye kifurushi. Kuna chochote chenye leseni ya GPL? Kama kipo, toleo la 2 au la 3?

Kichwa_Moto: Nyingi ni MIT. Hiyo moja ya kuchora ripoti sikumbuki vizuri.

Dada Kompaila: Hukumbuki au hutaki kukumbuka? Fungua faili lake lolote, kwa kawaida leseni hutajwa juu kabisa.

Kichwa_Moto: Juu hapana kitu. Nilifuta yale maandishi nikaweka jina la kampuni yangu. Sawa, ni GPL. Lakini msinirukie! Nimebadili majina ya vigezo vyote, yale yanayobeba thamani ndani ya programu, na asilimia 90 ya programu ni jasho langu. Halafu mtu akiweka kitu bure mtandaoni, si kimekuwa cha wote?

Mja wa Kweli: Kufuta jina la mwenzio ukaandika lako, hapo hata leseni haihitajiki kujua kosa liko wapi.

Kijiti: GPL ukiigusa huruhusiwi kuuza. Kwisha habari.

Fundi Nyaya: Si kweli, Kijiti. GPL inaruhusu kuuza, tena kwa bei uitakayo. Inachodai ni kwamba uliyemuuzia apate na msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu kama yalivyoandikwa, wa programu nzima iliyounganishwa na maktaba hiyo, chini ya GPL ileile, na usimzuie kuugawa. Si lazima uupe ulimwengu wote, ni wale waliopokea nakala. Na kubadili majina ya vigezo hakukupi umiliki, bado ni kazi iliyotokana na ya mwenzako.

Dada Kompaila: Yalitukuta kazini. Tulijua tumefuta kila alama. Kumbe mwandishi wa maktaba alikosea tahajia kwenye ujumbe mmoja wa hitilafu, herufi mbili zimepishana, nasi tukawauzia wateja kosa lilelile. Mtu akapitisha programu yetu kwenye amri ya strings, ile inayotoa maandishi yaliyomo ndani ya programu, hilo hapo. Tuliandika upya hadi macho yakawa mekundu. Hata wakubwa hawakupona: ruta ya Linksys WRT54G ilikutwa na Linux, mfumo endeshi wa GPL, ndani, 2003 kampuni ikabanwa mpaka ikatoa msimbo. OpenWrt, mfumo huria wa ruta, ikazaliwa hapo.

Bundi: Subirini. Mwanzo hakumbuki leseni, mara anakumbuka hadi vigezo. Akaunti yenyewe ya leo asubuhi. Hii ni chai. Au wewe ndiye mwandishi wa hiyo maktaba, unavua watu?

Kijiti: Nami nilihisi. Au ni yule mwanasheria.

Mzee wa Hesabu: Hata kama ni ya kutunga, kodi ilipwe.

Fundi Nyaya: Ya kutunga au ya kweli, jibu ni lilelile. Mwandikie mwenye hakimiliki, huenda akakuuzia leseni ya kibiashara, maktaba ya Qt inauzwa hivyo. Akikataa, wape wateja msimbo. Ukiing'oa maktaba unaponya mauzo yajayo tu, nakala zilizokwisha toka bado zina deni. Na toleo niliuliza kwa sababu: la 2 linakunyang'anya haki papo hapo ukilivunja. La 3, la mwaka 2007, linampa mkosaji wa mara ya kwanza siku 30 za kurekebisha tangu apokee taarifa ya mwenye mali. Wewe hujapokea, kwa hiyo una nafasi.

Kichwa_Moto: Ni la 3.

Dada Kompaila: Mbona umeacha hiyo ya taarifa?

Kichwa_Moto: Aliniandikia barua pepe. Ya heshima tu, kaambatanisha picha ya skrini ya programu yangu. Sikujibu, nilidhani atachoka. Hizo siku 30 zinaanza barua ilipoingia au nilipoifungua? Maana iliingia tarehe 3.

Bundi: Leo tarehe 29. Nasogeza kiti.