LSAT: swali la leseni za boti, kwa nini jibu ni D na si B?

Chumbageni_Usiku
Wakuu, habarini. Najiandaa na LSAT, mtihani wa kujiunga na vyuo vya sheria hasa Marekani, na sehemu ya hoja inanitoa jasho. Swali hili la mazoezi nimeliweka kwa Kiswahili, na mazingira ya huku kwetu Tanga:

"Hakuna boti inayopewa leseni ya abiria isipokuwa imekaguliwa. Boti zote zilizokaguliwa Pangani zilikutwa na majaketi okozi ya kutosha. Kwa hiyo boti yoyote ya Pangani isiyo na majaketi ya kutosha haina leseni."

Hoja inategemea dhana ipi?

A. Boti zote za Pangani zenye majaketi ya kutosha zina leseni.
B. Boti zote za Pangani zinazokaguliwa hukaguliwa Pangani.
C. Upungufu wa majaketi ndio sababu kuu ya boti kunyimwa leseni.
D. Hakuna boti ya Pangani iliyokaguliwa kwingine ambayo ina leseni ilhali haina majaketi ya kutosha.
E. Boti zote zilizokaguliwa Pangani zilipewa leseni.

Nimechagua B. Majibu yanasema D. Naomba hatua kwa hatua.

Mishale
Mkuu, umeteleza kabla hujafika kwenye machaguo. Swali linataka kitu ambacho kikiwa si kweli, hoja inaanguka. Wewe umetafuta kitu kinachoisaidia hoja. Hayo ni maswali mawili tofauti, na LSAT huyauliza yote mawili.

Andika hivi (mshale unasomeka "kama kipo hiki, basi kipo na kile"):
Leseni → Ukaguzi
Ukaguzi wa Pangani → Majaketi

Geuza kila mshale huku ukikanusha pande zote mbili. Haina majaketi, basi haikukaguliwa Pangani. Haikukaguliwa, basi haina leseni. Sasa jaribu kuunganisha: "haikukaguliwa Pangani" na "haikukaguliwa" havilingani. Boti ya Pangani inaweza kukaguliwa Tanga mjini. Pengo ni hilo.

Kisha kanusha kila chaguo. Ukikanusha B: ipo angalau boti moja ya Pangani iliyokaguliwa kwingine. Huenda huko nako ilikutwa na majaketi, au haikupewa leseni kabisa. Hoja bado iko hai. Ukikanusha D: ipo boti ya Pangani yenye leseni na haina majaketi. Hitimisho limekufa papo hapo.

Angalizo: kinyume cha "zote" ni "angalau moja si hivyo". Si "hakuna hata moja". Ukikosea hapo jaribio zima linakudanganya.

Mwambao_TZ
Naongeza jambo la lugha, maana linatuponza sana tunaofikiri kwa Kiswahili huku mtihani ukiwa wa Kiingereza. "Isipokuwa" yetu hubeba maana mbili. "Wote wamekuja isipokuwa Juma" inamtoa mtu kwenye kundi. Kwenye swali hili inaweka sharti, yaani "kama haijakaguliwa, haipewi". Wengi hutafsiri kichwani kwa "haipewi mpaka ikaguliwe", halafu sikio linamalizia lenyewe kwamba ikishakaguliwa inapewa. Hilo halijasemwa. E imewekwa kwa ajili ya mtu huyo. A ni mshale uliogeuzwa bila kukanushwa. C usiipe muda, hoja haikuzungumzia sababu kuu wala ndogo.

Chumbageni_Usiku
Nimeelewa, ahsanteni. Lakini B si ingetosha kuikamilisha hoja, kama swali lingeuliza dhana inayotosha?

Mishale
Hapana, na hapa ndipo swali lako lilipo tamu. Soma tena: "zilikutwa na majaketi". Hiyo ni siku ya ukaguzi. Hitimisho linasema "isiyo na majaketi", yaani sasa. Boti inaweza kukaguliwa Pangani ikiwa na majaketi, ikapata leseni, kisha majaketi yakapungua. B haizibi pengo hilo la wakati. Hoja ina mapengo mawili, D inagusa moja tu, na kwa dhana ya lazima, yaani ile ambayo ikiwa si kweli hoja inaanguka, hiyo inatosha. Haidaiwi ikamilishe hoja.

Mwambao_TZ
Kuhusu muda: dakika 35 kwa sehemu moja yenye maswali kama 25 ni takriban dakika moja na sekunde 24 kwa kila moja. Maswali ya mwanzo kwa kawaida ni mepesi, yapitie haraka ubakize akiba kwa haya. Ukibaki na machaguo mawili, kanusha hayo mawili tu. Ukikwama bado, chagua moja, weka alama, endelea. Jibu baya halipunguzi maksi, kwa hiyo usiache hata swali moja wazi.