Mgonjwa wa kiharusi: nini kipimwe kabla ya uji?

Muuguzi, Chake Chake
Assalaam alaykum. Wodini kwetu yupo mama aliyepata kiharusi juzi. Upande wa kulia umelegea, macho anafumbua mwenyewe, na presha yake ni 180 kwa 100. Jamaa zake wamemletea uji, nao wanashikilia kwamba hana taabu ya kusema kwa kuwa Alhamdu anaisoma mpaka mwisho. Naomba kuelezwa kipi kitangulie katika kumpima, na kama kusoma huko ni dalili kwamba atameza salama.

Muuguzi, Wete
Waalaykum salaam. Kumeza ndiko kutangulie, na kabla hakujapimwa asipewe kitu kwa mdomo, hata vidonge vya presha. Akiwa macho barabara, mkalishe wima, msafishe kinywa, kisha mpe maji kijiko kimoja cha chai na umtake aseme "aa". Urejee mara mbili tatu kabla ya kumpa kikombe. Akipaliwa, maji yakimchuruzika pembeni mwa mdomo, au sauti ikitoka kama ina majimaji, simamisha hapo hapo umwarifu daktari, na uji usubiri, hata jamaa wakinuna. Wapo ambao maji huwaingia mapafuni bila ya kukohoa, kwa hiyo homa au pumzi za mbio siku zinazofuata zisidharauliwe.

Muuguzi mstaafu, Unguja
Alhamdu isikudanganye. Maneno yaliyohifadhiwa tangu utotoni huweza kubaki ilhali lugha ya kawaida imepotea. Muoneshe ufunguo, umuulize kitu hicho kinaitwaje. Kisha mwambie afumbe macho, bila ya wewe kumuashiria kwa mkono. Hili lina uzito kwa sababu katika kipimo cha fahamu cha Glasgow, chenye alama 15, alama 5 ni za kusema, na aliyepoteza lugha huonekana amepotewa na fahamu zaidi kuliko alivyo. Andika alama za macho, za usemi na za viungo kila moja mbali, si jumla peke yake, ili wa zamu ya usiku ajue kilichoshuka. Sukari pia ipimwe mapema, maana ikishuka huweza kuiga kiharusi.

Muuguzi, Mkoani
Naongeza kuhusu presha: ikiwa mshipa wa ubongo umeziba, na hakupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa kawaida haiteremshwi kwa haraka siku za mwanzo mpaka ipindukie 220 kwa 120. Lakini damu ikiwa imevuja, hukumu ni nyengine, na picha ya CT ya kichwa ndiyo inayotenganisha hali hizo mbili. Waoneshe pia wanaomuuguza namna ya kumgeuza bila ya kumvuta mkono uliolegea, kwani bega huteguka upesi.