Friesian wanahema, Sahiwal anacheua: ni rangi au ni damu?

Zizi_la_Mashariki
Wakuu, zizi moja, paa moja, maji yale yale. Ikigonga saa nane mchana ng'ombe wa Friesian wanahema mdomo wazi, mate yanachuruzika, hawataki kulala. Sahiwal pembeni anacheua tu. Nilidhani ni weusi, lakini hata mwenye mabaka meupe mengi anahema vilevile. Nimeweka bomba la ukungu, naona limewazidishia. Kosa liko wapi?

Ngozi_na_Kwato
Weusi unaumiza juani. Kivulini hauna neno. Hapo ni damu. Ng'ombe wa nundu (Sahiwal, Boran, Gir) wana tezi za jasho kubwa, zilizo karibu na uso wa ngozi, manyoya mafupi, na mwili wao huzalisha joto kidogo hata wakiwa wamepumzika. Friesian wa lita 25 kwa siku ni jiko linalotembea: maziwa yanatoa joto, na tumbo linalochachua majani nalo linatoa. Jersey huvumilia kidogo zaidi, kwa kuwa ni mdogo na kila kilo yake ina ngozi kubwa ya kupozea. Nundu yenyewe si sharti: ng'ombe wa Senepol hana, ila ana jeni ya manyoya mafupi mno.

Kipimajoto
Kabla ya kubadili chochote, hesabu pumzi ubavuni kwa dakika nzima. Zikipita 60, amezidiwa. Joto la njia ya haja kubwa likipita nyuzi 39.4, vivyo hivyo.

Ukungu ndio unaowamaliza. Vitone vidogo vinaning'inia kwenye ncha za manyoya, ngozi inabaki kavu, na hewa ya zizini inajaa unyevu hadi jasho halikauki. Weka vichwa vya bomba vya matone makubwa: lowesha mgongo mpaka ngozini dakika 1 hadi 2, funga, feni ikaushe dakika 10 hadi 15, rudia. Maji yakianza kutiririka hadi kwenye kiwele umezidisha, na kititi (ugonjwa wa kiwele) hakiko mbali.

Ngozi_na_Kwato
Tazama na ratiba ya kulisha. Joto la kuchachuka hupanda saa kadhaa baada ya kula, kwa hiyo chakula cha saa tatu asubuhi kinakutana na jua la mchana. Theluthi mbili zipeleke jioni na usiku. Mate yanayomwagika yanaondoka na kinachozuia asidi tumboni, basi changanya magadi ya kuokea gramu 150 kwa siku kwenye pumba, na usipunguze majani.

Zizi_la_Mashariki
Nikipandisha Friesian kwa dume la Sahiwal?

Kipimajoto
Ndama wa mchanganyiko huo wa kwanza atavumilia vizuri, ila maziwa yake yatakuwa machache kuliko ya Friesian. Ukimrudishia tena dume la Friesian, uvumilivu unaanza kushuka, na feni utaihitaji tena.