Roboti fundi wa chombo cha angani, wa wale wa mwanzo: miguu miwili au mitatu?

chuma_chakavu
Habari wakuu. Naunda roboti fundi, mfano wa wale wa mwanzomwanzo kwenye filamu za anga. Kiwiliwili ni ndoo ya rangi ya lita 20, kichwa ni bakuli la plastiki, miguu ni mabomba. Nataka awe kama R2-D2, yule wa filamu ya Star Wars ya mwaka 1977: asimame kwa miguu miwili, apige hatua, na akitaka kwenda mbali ateremshe wa tatu. Jana usiku nilimwasha, akapiga hatua moja na nusu, akaanguka kifudifudi, bakuli likabingirika hadi chini ya kitanda. Hiyo ni mara ya nne. Nimebadilisha mota, nimeongeza betri (nimeiweka juu karibu na kichwa, ndiko kulikobaki nafasi), wapi! Nakosea nini? Na wenzetu wa filamu walifanyaje?

tairi_la_akiba
Betri juu? Mkuu, hapo umeshajijibu. Ishushe kwenye nyayo.
Halafu huyo unayemwiga hakuwa mmoja. Yule wa miguu miwili alikuwa na mtu ndani, Kenny Baker, mwigizaji mwenye kimo cha sentimita 112. Yule wa miguu mitatu alikuwa mashine ya magurudumu iliyoendeshwa kwa rimoti. Wewe unamtaka mmoja afanye kazi ya wawili. Mwekee mitatu ya kudumu, na magurudumu, ulale usingizi.

bi_solda
Nyote mmeanzia katikati ya safari. Roboti fundi wa mwanzo, kwangu mimi, ni wale watatu wa Silent Running, filamu ya Douglas Trumbull ya 1972, miaka mitano kabla ya huyo R2 wenu. Huey, Dewey na Louie. Kazi yao ni kutunza chombo, hata kutoka nje kukarabati ganda lake, na mmoja wao anapeperushwa huko huko nje wanapopita kwenye pete za Zohali. Kabla ya hapo wanafundishwa kumpasua mguu bosi wao, na baadaye wanaobaki wanafundishwa kucheza karata. Hawana kichwa wala sauti, ni sanduku lenye miguu miwili mifupi na mkono mmoja mbele. Lakini wakisimama wawili bega kwa bega utaapa wananong'onezana. Nilipowaona mara ya kwanza nililia kwa ajili ya sanduku, sioni aibu kusema.

Sasa sikiliza, maana jibu lako limo humo. Ndani ya masanduku yale mlikuwa na waigizaji wasio na miguu, waliozoea kutembea kwa mikono. Ule unaouona kama mguu wa roboti ni mkono wa mtu. Ndiyo sababu wanakwenda vile: kwanza kiwiliwili kizima kinalalia upande mmoja, ndipo mguu wa upande wa pili unanyanyuka. Wako ananyanyua mguu kabla hajahamisha uzito. Lazima aanguke, hata ukimpa mota ya trekta.

Toa bakuli kwanza. Kichwa ni pambo, na mafundi wengi tunaanza na pambo kwa sababu linatupa raha. Weka mota moja ambayo kazi yake ni kuinamisha ndoo kushoto na kulia tu, basi. Nyayo ziwe pana kwenda ndani, karibu zigusane katikati. Kisha mzime kabisa, mwinamishe kwa mkono, na umsimamishe kwa mguu mmoja. Asiyeweza kusimama amezimwa hatatembea akiwashwa. Wangu wa kwanza nilimruka kipimo hiki, akaingia na kioo cha kabati.

Huo mguu wa tatu tutauzungumza akishafika mlangoni.

nati_moja
Mnagombania miguu bure. Dextre, roboti fundi wa kweli aliyepo Kituo cha Kimataifa cha Anga tangu 2008, ana mikono miwili na hana mguu hata mmoja.

bi_solda
Dextre hajawahi kutakiwa kuvuka sebule.

chuma_chakavu
Nimerudi, bi_solda. Betri nimeishusha, nyayo nimekata mbao mpya. Nimemzima, nikamsimamisha kwa mguu wa kushoto: akasimama, nikahesabu hadi 60. Wa kulia: chini. Nikarudia, chini tena. Nikachukua rula. Bomba la kulia ni fupi kwa nusu sentimita, nilikata kwa macho siku ile nina haraka ya kumvisha bakuli. Naunga kipande?

bi_solda
Usiunge. Punguza la kushoto.